Kifaa Kiitwacho Mfalme wa Mtaa

Kambi ya mafundi wa minara
Jumatatu, 3 Machi

Dada,

Shikamoo. Naiandika kwa sababu Baba alitulea hivyo, si kwa sababu nimepoa. Ulisema hupokei tena simu yangu, nikiwa na neno niliandike, ili siku nikilikana unitolee karatasi. Haya, karatasi hii hapa. Itunze.

Unaijua ile ruta niliyoifunga sebuleni Baba alipotoka hospitali. Usichokijua ni kwamba naweza kuingia ndani yake nikiwa huku huku kambini, nikaona kila kifaa kinachotumia intaneti ya nyumba ile. Jumamosi niliingia. Nilitegemea kuikuta televisheni peke yake, maana simu yako ni ya vibonyezo na Baba hana simu. Nikakuta kingine, kimejiandika "Mfalme wa Mtaa". Nikasema labda jirani anatuibia. Nikatazama saa zake. Kila siku ya kazi, saa nne kamili asubuhi kinaingia, saa tano kinatoka, na kinavuta video muda wote. Mwezi na nusu sasa! Mwizi gani anaiba kwa ratiba?

Una miaka arobaini na mitatu, Dada. Kuwa na mtu si dhambi. Lakini humo ndani, mbele ya mzee aliyepigwa na kiharusi? Sasa ndiyo naelewa kwa nini kila nikisema nakuja kumwona unaniambia subiri Aprili. Aprili kuna nini? Baba siku hizi ni sawa na kiti. Mtu anaweza kufanya lolote mbele yake naye hawezi hata kusema zima taa. Umeliona hilo, ukalitumia.

Huyo Mfalme wako nimemfungia. Atabonyeza mpaka vidole viote sugu, intaneti ya Baba hataionja tena. Ukitaka nimfungulie, niandikie jina lake, kazi yake, na anachokifuata kwa Baba yangu.

Mdogo wako,
Popo


Nyumbani
Alhamisi, 6 Machi

Kwa Mwalimu wa Matamshi,

Shikamoo Mwalimu. Najua simu niliyokupigia juzi hukuisikia, malori yalikuwa yananipitia masikioni. Humu ndani simu haishiki mtandao mpaka utoke barabarani, na barabarani Baba hafiki, mguu wa kulia bado haujamrudia. Ndiyo maana naandika.

Jumatatu nilimvalisha shati lake la kola, lile ambalo hakubali kuonana nawe bila kulivaa, nikamwekea ile tableti mezani. Ikagoma. Televisheni inapata intaneti, tableti haipati. Nikaizima, nikaiwasha, nikaibembeleza, wapi. Jirani yangu, yule mama ambaye hakuna asilolijua, akasema ruta ikizingua ina katundu nyuma, nichome sindano nihesabu kumi. Nikachukua sindano ya kushonea vifungo nikachoma. Kwa hasira nikahesabu mpaka ishirini. Taa zote zikazimika, zikarudi, ila ile ya intaneti ikarudi nyekundu, na mpaka sasa ninapoandika ni nyekundu.

Nikamwita fundi. Akaitazama, akanitazama mimi. "Mama, umefuta kila kitu kilichokuwa humu. Sasa inadai jina na nywila ya laini, vile alivyopewa mwenye mkataba." Mwenye mkataba ni mdogo wangu. Nimewapigia kampuni, wanasema wao huongea na mwenye laini tu. Nimewaambia mgonjwa anasubiri. Wakaniwekea muziki.

Mwalimu, Baba hajaelewa. Kila saa nne anaketi mbele ya kioo cheusi na kola yake, anafungua mdomo, anasema "po", halafu anangoja. Anadhani umemchoka. Jana aliigeuza tableti uso chini.

Ulituambia bado kidogo tu. "Po" ya kwanza ameshaipata, ya pili ndiyo inayomkwama. Ulisema tuna bahati kwamba mtoto huyu Baba alimpa jina la utani jepesi mdomoni, Popo, kwa sababu hakuwa analala. Siku yake ya kuzaliwa ni tarehe 12 Aprili. Baba alinishika mkono kwa ule wake mzima, hakuuachia mpaka nilipoapa: Popo asijue lolote wala asije, mpaka siku hiyo alisikie jina lake kutoka kwa baba yake. Kwa hiyo nywila nitamwomba, ila siwezi kumwambia ya nini. Na mimi na yeye hatuna maelewano tangu kiharusi. Alikuja siku tatu, akafunga ruta, akaondoka. Mimi nimebaki na beseni.

Nijibu swali moja tu: akikosa masomo wiki mbili tatu, atarudi nyuma?

Mwanafunzi wako wa pembeni,
Binti wa Mzee


Nyumbani
Jumamosi, 8 Machi

Kwa Mheshimiwa Fundi,

Marahaba, ingawa imenikwama kooni.

Barua yako imeletwa na basi leo. Nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, kisha nikacheka peke yangu jikoni kama mwehu. Kumbe ni wewe! Mimi siku tano nahangaika na waya, nimeita fundi, nimechoma ruta sindano mpaka imepoteza fahamu, kumbe mtu yuko juu ya mnara huko anatuchungulia sebuleni na kubana pumzi za watu.

Ndiyo, niliichoma Jumatatu, jirani ndiye aliyenishauri. Imefuta kila kitu, na sasa inataka jina na nywila ya laini. Wewe ndiye unavyo. Nipe.

Kuhusu Mfalme wa Mtaa, sikujibu. Sikujibu kwa sababu neno hilo si langu kulitoa, na hata lingekuwa langu, kwa jinsi ulivyoniandikia nisingekupa. Unaniita mimi malaya kwa lugha ya kifundi. Mimi! Ninayemgeuza Baba ubavu kila baada ya saa mbili asiote vidonda. Ninayemkata kucha na kumshikia beseni. Mgongo wangu umekuwa wa ajuza na sijafika hamsini. Wanaume wana kazi, mdogo wangu. Nani atakuja kutongoza kwenye harufu ya dawa ya kuchulia?

Eti Baba ni kiti. Ningekuwa karibu nawe ningekutia kofi la mkubwa kwa mdogo, lile ambalo hurudishi. Barua yako nimeiweka kwenye droo ya kabati la sebuleni. Ulisema niitunze, nimeitunza.

Nywila. Wiki hii. Usiniulize ya nini.

Dada yako, kwa bahati mbaya


Kambini
Alhamisi, 13 Machi

Dada,

Usinichukulie mjinga, hii ndiyo kazi yangu. Nikamfungia bwana wako, siku hiyo hiyo ruta ikachomwa sindano. Unajua kilichokuwa ndani? Orodha nzima, siku na saa alizoingia. Umefuta ushahidi kisha unaniambia ni jirani aliyekushauri. Huyo jirani ndiye Mfalme, au ni shangazi yake?

Halafu "neno si langu kulitoa". Ni la nani? Ameoa, eh?

Unanitupia beseni usoni. Nani alikukataza kuajiri mtu wa kukusaidia? Nilikwambia, ukasema Baba haguswi na mikono ya watu. Ulitaka uwe shahidi wa dini peke yako, basi beba msalaba wako kimya. Unadhani mimi huku nalala? Napanda chuma mita sitini na upepo, nikishuka nafungua ile ruta nione tu kama taa za nyumba yetu zinawaka. Ndicho nilichobaki nacho cha kwetu. Na wewe umekichoma.

Jibu langu ni hili. Jina lake kwanza, nywila baadaye. Hata ukikaa mwaka.

Popo


Kliniki ya Mazoezi ya Usemi
Alhamisi, 20 Machi

Kijana,

Hunijui, na baada ya barua hii huenda hutapenda kunijua. Mimi ni mwalimu wa matamshi. Nawafundisha kuzungumza watu waliopoteza usemi. Nina miaka thelathini na moja katika kazi hii na sina subira na watu wazima wanaogombana juu ya kichwa cha mgonjwa.

Dada yako amenitumia barua zako mbili alizozinakili kwa mkono, akiniuliza afanye nini. Aliniomba nisikuandikie kwa kuwa aliapa. Yeye aliapa. Mimi sikuapa.

Mfalme wa Mtaa ni Baba yako. Tableti ile dada yako aliinunua kwenye kibanda cha vitu vilivyotumika, na aliyekuwa nayo mwanzo, kijana fulani mwenye mbwembwe nadhani, ndiye aliyeiandikia jina hilo. Dada yako na Baba yako hawajui hata linabadilishwa wapi. Kila saa nne asubuhi Baba yako huvaa kola, hukaa mbele yangu, na kwa saa nzima hujifunza neno moja. Mwezi na nusu, kijana, neno moja. Anatoka jasho mpaka dada yako anamfuta shingo. Neno lenyewe ni "Popo". Alitaka ulisikie siku yako ya kuzaliwa.

Alikuwa amebakiza nusu ya neno ulipomfungia. Sasa ni siku ya kumi na nne ya masomo yaliyopotea. Mdomo uliojifunza kwa shida husahau kwa urahisi, na mgonjwa anayeamini ameachwa hukata tamaa kabla ya mdomo. Dada yako anasema ameacha kuomba shati la kola.

Sitaki maelezo yako. Nataka taa ya ruta ile iwe kijani.

Mwalimu wa Matamshi


Kambini
Jumatatu, 24 Machi

Dada,

Mwalimu ameniandikia. Nimeisoma barua yake juu ya mnara, nikashindwa kushuka mpaka mwenzangu alipopanda kunifuata.

Nimewapigia kampuni, laini iko sawa, tatizo ni ruta tu. Kwa hiyo fuata hivi, na usimwite fundi, utaweza mwenyewe.

Geuza ruta. Chini kuna kibandiko chenye jina la waifai na nywila ya kuanzia. Fungua tableti, iunganishe na jina hilo. Kisha fungua pale unapoandikaga anwani za mitandao, andika 192.168.1.1, na nukta zake. Utakuja ukurasa unaodai jina na nywila ya kuingilia. Hizo nazo ziko kwenye kibandiko, mstari wa chini kabisa. Ukiingia, tafuta sehemu ya intaneti. Itakuuliza aina ya muunganisho. Usiache ile inayojipa anwani yenyewe, ndiyo iliyowekwa tangu kiwandani na kwa laini yetu haifanyi kazi. Chagua PPPoE. Hapo vitafunguka visanduku viwili, vya jina na nywila ya laini. Vyote viwili nimekuandikia kwenye kikaratasi nilichokibana hapa. Herufi kubwa iandike kubwa, ndogo ndogo, usiache nafasi mwishoni. Hifadhi. Hesabu kumi, mara hii bila sindano.

Kuna jambo jingine. Mahali pameandikwa kuruhusu kuingia kutoka mbali, hakikisha ni hapana. Mwanzo mimi ndiye niliyeiruhusu. Nisiweze tena.

Na hili nalo ujue, maana limenikaa shingoni. Sindano yako ilifuta kila kitu, hata ile kufuli niliyomfungia Baba. Tangu siku ile hakuna kilichokuwa kimemfungia zaidi ya mimi kukunyima kikaratasi hiki. Siku zote hizo alikuwa amefungiwa na mdomo wangu.

Lakini na wewe, Dada! Ungeandika neno moja. "Ni Baba." Ungevunja kiapo, mimi ningenyamaza, nani angekufa? Ulipenda nikosee. Ulipenda uwe na karatasi. Sikuombi msamaha wote, nakuomba nusu, nusu nyingine tutagombania.

Usimwambie Baba kuwa ni mimi. Tarehe 12 nitashika simu tangu asubuhi.

Popo


Kambini
Jumapili, 13 Aprili

Dada,

Jana mlipiga, uso wake ukaja. Amekonda. Alikuwa na kola. Nikasema "Shikamoo Baba" mara tatu, na upepo huku ulikuwa wa kishetani, sauti ikakatika upande wenu. Picha nikawa naiona. Niliona midomo yake, Dada. Ilifunguka, ikafungika, ikafunguka tena. Halafu kila kitu kikazimika. Nimepiga mara nane, haiingii.

Alisema? Lilikuwa ni jina langu? Mwenzangu alikuwa ananichungulia begani, anasema ameliona "Popo" kabisa, hakuna neno jingine. Nimewanunulia soda mafundi wote wa kambi.

Niandikie haraka, na uandike kama lilivyotoka, hata kama lilikuwa nusu.

Popo wenu


Nyumbani
Alhamisi, 17 Aprili

Mdogo wangu,

Nimekaa na barua yako siku mbili nikitafuta uongo wa kukuandikia. Kuna wakati niliuandika, "Ndiyo, alisema," nikaupasua. Mwalimu aliuliza kwa nini macho yangu yamevimba, nikamwambia vitunguu.

Taa iligeuka kijani tarehe 28, mara ya kwanza tu, sikukosea hata herufi. Baba alipomwona Mwalimu kwenye kioo alilia kama mtoto. Wakaanza upya. Tarehe 10, saa nne na nusu asubuhi, alisema "Popo". Lote. Mwalimu akapiga makofi, Baba akalisema tena ili kutuonyesha halikuwa la bahati. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, sikutaka anione ninavyolia.

Kesho yake nilikuwa uani naanika mashuka. Baba alitaka leso yake. Sikumsikia akigonga meza, kwa hiyo alijikokota mwenyewe na mkongojo mpaka kwenye kabati, hatua sita, hajawahi kutembea hatua sita tangu augue. Akafungua droo. Niliporudi nilimkuta amekaa sakafuni na barua zako mapajani. Kusema ndiko kulikompotea, Popo. Kusoma hakukumpotea hata siku moja.

Alikuwa ameshika ile ya kwanza. Kidole chake kilikuwa kwenye mstari wa kiti.

Nilimwambia ulikuwa na hasira, ulidhani nina mtu, ulimtetea yeye. Nilikutetea, amini usiamini, mpaka nikajishangaa. Hakunitazama. Asubuhi ya tarehe 12 mwenyewe aliomba kola. Nikafurahi, nikasema damu nzito. Nikapiga. Uso wako ukatokea, na hiyo kofia yako ya chuma, unapayuka bila sauti. Baba akakutazama. Akakutazama sana. Kisha akasema, bila kukwama popote, neno ambalo hakuna aliyemfundisha.

Alisema, "Zima."

Nikajifanya sijasikia. Akarudia. Nikazima. Ndiyo maana haikuwa inaingia tena, aliilalia tableti nisiiwashe.

Umeandika kwamba nilipenda niwe na karatasi. Ni kweli. Nilitaka maneno yako yasikanwe, nikayaweka mahali ambapo mkono wa mgonjwa unafika. Kama ni lawama, tugawane hiyo pia. Zilizokuwa kwenye droo nimezichoma zote jana, hii ya mwisho nitaichoma kesho. Bado nimekukasirikia. Bado ulikuja siku tatu.

Kwa hiyo usipige simu, na usiniandikie tena. Panda basi la asubuhi uje. Nimemwambia Baba kwamba unakuja, hakutikisa kichwa kukataa. Ukifika usiingie moja kwa moja kama ulivyozoea. Simama mlangoni upige hodi. Mimi sitaitika, nitakuwa uani. Wiki hii Mwalimu anamfundisha kusema "karibu". Mpaka leo asubuhi halijamtoka. Basi ungoje hapo hapo, hata kama ni siku nzima.

Dada yako